Kizingiti cha Dirisha Kikioza



Juma hili twataka kusema juu ya kitu kidogo ambacho watu wengi hawakitazami hata siku moja, mpaka kimekwisha kuharibika. Kitu hicho ni kizingiti cha dirisha, maana yake ule mti wa chini wa kiunzi, ulalao juu ya ukuta, na miimo miwili ya kando yasimama juu yake. Mtu hufungua dirisha lake asubuhi, hulifunga jioni, huegemeza kiwiko akizungumza na jirani aliye nje; lakini kizingiti chenyewe hakitazami. Halafu siku moja dirisha lakataa kufungika. Mtoto abonyeza kizingiti kwa kidole, na kidole chazama kama katika mkate uliolowa.

Katika Butembo na Beni neno hili latuhusu sana. Wakati wa ukoloni kampuni ya madini iliyoitwa Minière des Grands Lacs, misioni, na wafanya biashara walijenga nyumba nyingi zenye madirisha ya mbao. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 wenyeji waliendelea kujenga namna hiyo hiyo, wengine kwa matofali ya kuchoma, wengine kwa matofali mabichi, wengine kwa miti na udongo. Nyumba hizo leo zina miaka arobaini, sitini, hata zaidi. Wengi wetu twaishi ndani yake. Tumezirithi kwa baba zetu, au twapanga vyumba vyake. Kuta nyingi zingali imara. Lakini vizingiti vimeoza, na mtu asipoangalia, kizingiti kitamharibia na ukuta pia.

Huenda mtu akasema: "Ni ubao mmoja tu." Ndivyo ilivyo, lakini ubao huo ndio paa la ukuta ulio chini ya dirisha. Ukipasuka, maji hayabaki katika ubao, bali hushuka ndani ya ukuta. Katika nyumba ya matofali ya kuchoma yatabandua lipu na kulegeza udongo ulioshika matofali. Katika nyumba ya matofali mabichi au ya miti na udongo yatafanya kazi mbaya zaidi, maana tofali bichi likilowa hurudi kuwa tope. Wazee walisema: "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Katika habari hii methali hiyo si mfano tu, ni habari yenyewe.

KUOZA SI UZEE

Yafaa kwanza tuondoe wazo moja lisilo la kweli. Wengi hudhani kwamba mti huoza kwa sababu umezeeka. Sivyo. Huko Unguja na Lamu iko milango ya kuchonga yenye zaidi ya miaka mia moja, na mbao zake zingali ngumu. Kiozeshacho mti ni kuvu, yaani viumbe vidogo mno, ambavyo hula mti kama sisi tulavyo chakula. Kuvu huhitaji vitu vinne: chakula, hewa, joto la kiasi, na maji. Chakula ni mti wenyewe. Hewa na joto viko daima. Basi neno moja tu laweza kuwa mikononi mwetu, nalo ni maji. Wataalamu wamepima wakaona kwamba mti ambao unyevu wake hauzidi asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu haiuwezi.

Sasa fikirini hali ya nchi yetu. Butembo iko juu, kwenye kimo cha meta 1,700 na zaidi, na mstari wa ikweta wapita kusini yake, si mbali. Mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka. Hupungua kidogo mnamo Januari na Februari, na tena mnamo Juni na Julai. Asubuhi kuna ukungu na baridi, na ubao uliolowa jana hauwahi kukauka kabla ya mvua ya leo. Beni, iliyo kilometa zipatazo 54 upande wa kaskazini, iko chini zaidi nayo ina joto. Kuvu hukua upesi, na mchwa hupanda ukutani kutafuta mti laini. Mti uliokwisha kulainishwa na maji ndio waupendao.

MAJI HUINGIA NJIA GANI?

Mwenye kutaka kutengeneza kizingiti, asishike msumeno kwanza. Asimame nje wakati wa mvua, atazame. Maji yana njia zake, nasi yatupasa kuzijua.

Njia ya kwanza ni vichwa vya mti. Mti umefanyizwa kama fungu la mirija myembamba iliyolazwa pamoja. Ubavuni maji huingia polepole. Lakini mahali ulipokatwa, mirija hiyo yote iko wazi, nayo hunywa maji upesi sana. Ndiyo sababu kizingiti huanza kuoza kwenye pembe mbili, pale miimo inapokutana nacho, na si katikati.

Njia ya pili ni kizingiti kilicholala sawasawa bila mteremko, au kilichoinamia ndani. Maji husimama juu yake kama katika sahani.

Njia ya tatu ni upande wa chini. Maji yafikapo ukingoni mwa ubao, hayadondoki yote. Mengine hugeuka, yakashika upande wa chini wa ubao, yakatembea kurudi mpaka ukutani. Mafundi wa zamani walilijua jambo hili, nao walichonga mfuo mwembamba chini ya kizingiti, karibu na ukingo wake wa nje. Maji hayawezi kuuvuka mfuo huo, hudondoka. Pitisha kidole chako chini ya kizingiti cha nyumba ya zamani, huenda ukauona mfuo. Lakini mara nyingi umezibwa kwa rangi au kwa simenti na watu wasiojua kazi yake.

Njia ya nne ni simenti iliyobandikwa juu ya mti. Mtu aona ufa kati ya mti na ukuta, aujaza simenti, afurahi. Lakini mti huvimba ukilowa, na hunywea ukikauka. Simenti haifanyi hivyo. Baada ya mvua chache ufa mwembamba hufunguka kati yao, maji huingia, na simenti yayazuia yasitoke. Hapo mti waoza gizani.

Njia ya tano ni paa fupi. Mabati yasiyotokeza nje ya ukuta vya kutosha huacha dirisha likipigwa na mvua yote. Katika nyumba nyingine dawa ya kizingiti ni kurefusha ukingo wa paa, au kutia juu ya dirisha kipande cha bati kilichoinamishwa.

Tena iko njia ambayo sisi wenyewe twaifungua. Kizingiti si meza. Sufuria zilizooshwa, nguo zilizofuliwa, kopo la maua linalovuja, bakuli la kunawia uso, vyote hivi huwekwa juu ya kizingiti kila siku. Akina mama na ninyi wanafunzi, mnaweza kuokoa nyumba bila kununua hata msumari mmoja.

JARIBIO LA MSUMARI

Rangi haisemi kweli. Kizingiti chaweza kuonekana kizima, kumbe ndani ni unga. Chukua msumari mrefu au bisibisi, uuchome ubao kila baada ya sentimeta 5, na hasa katika pembe. Penye mti mzima chuma kitasimama. Penye uozo kitazama. Halafu gonga kwa mpini wa nyundo: mti mzima hulia, mti mbovu una sauti nzito kama ya gunia. Usisahau kuchunguza chini ya miimo pia, maana uozo hupanda.

Ukiisha kupima, utakuwa katika hali mojawapo ya tatu hizi.

Ikiwa uozo ni wa juu tu, nao haukuzidi theluthi moja ya unene wa ubao, na pembe zote mbili ni nzima, kiraka kitatosha.

Ikiwa uozo umekula pembe moja, na upande wa pili ni mzima, utakata upande mbovu na kuunga mti mpya.

Ikiwa pembe zote mbili zimeoza, au msumari wapita mpaka upande wa pili, kizingiti kizima lazima kitolewe. Hapo usidanganyike kutafuta njia ya mkato.

Angalizo kabla ya kuanza. Rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi ndani yake. Vumbi la rangi hiyo ni sumu, na huwadhuru zaidi watoto wadogo na mama wajawazito. Hudhuru ubongo wa mtoto polepole, bila mtu kutambua. Kwa hiyo usikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu, wala usiichome kwa moto. Ilowe kwanza kwa maji, funga kitambaa puani na mdomoni, tandika gunia au plastiki chini, uzoe takataka zote na kuzifukia mbali na kisima na shamba. Watoto wakae mbali mpaka kazi iishe. Tena vipande vya mbao zilizopakwa rangi visipelekwe jikoni. Najua kwamba kuni ni ghali. Lakini moshi wake haufai kupikia chakula cha watu.

KUTIA KIRAKA NA KUUNGA

Ondoa uozo wote kwa patasi. Usiwe na huruma. Katika kazi hii fundi akiwa na huruma juu ya mti mbovu, auacha ugonjwa ndani. Endelea kukata mpaka sentimeta 5 hadi 10 ndani ya mti ulio mzima, maana nyuzi za kuvu hutangulia mbele ya mahali tunapouona uozo. Acha pakauke siku kadhaa, huku umefunika kwa bati ili mvua isipige.

Kiraka na kiwe cha mti wa namna ile ile, au ulio karibu nao kwa ugumu, na nyuzi zake zielekee upande mmoja na nyuzi za mti wa zamani. Kichonge kikae barabara, kisha ukitie gundi isiyoyeyuka kwa maji, na skrubu za shaba au zilizopakwa zinki. Msumari mweusi wa kawaida utashika kutu, na kutu hula mti kandokando yake.

Ukiunga upande mzima, usiunge vichwa viwili kwa kuvikutanisha sawasawa. Kiungo cha namna hiyo hakina nguvu. Kata mti wa zamani na mti mpya kwa mshazari, ili vilaliane, na urefu wa mshazari uwe angalau mara mbili ya unene wa mti. Upange mkato hivi kwamba maji yateremke juu ya kiungo, yasiingie ndani yake.

Wengine hujaza shimo kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, kisha hupaka rangi. Kwa tundu la msumari sawa. Lakini kwa uozo unaoweza kuingiza vidole vitatu, hiyo si kazi, ni kuficha. Rangi mpya hufunga maji ndani, na baada ya misimu miwili ya mvua kizingiti chaanguka, pamoja na fedha za mwenye nyumba.

KUBADILISHA KIZINGITI KIZIMA

Hii ni kazi ya seremala, lakini yafaa mwenye nyumba aielewe, apate kuisimamia.

Kwanza, tazama ni kitu gani kibebacho ukuta ulio juu ya dirisha. Katika nyumba nzuri ya matofali, mhimili wa juu ya dirisha hulala juu ya ukuta pande zote mbili, na kiunzi hakibebi kitu. Lakini katika nyumba nyingi za miti na udongo kiunzi chenyewe ndicho kibebacho ukuta. Huko ni hatari kuondoa kizingiti kabla ya kutegemeza. Simamisha miti miwili yenye nguvu ndani na nje, yenye ubao juu yake, ibebe uzito. Watu wameumia kwa kuliacha neno hili.

Pili, toa mbawa za dirisha na vioo. Kata kizingiti kibovu katikati kwa msumeno, kisha ukivute nusu kwa nusu, upande huu na upande huu. Ukijaribu kukitoa kizima utavunja miimo na kubomoa ukuta. Ikiwa ndimi za chini za miimo zimeoza nazo, zikatwe mpaka mahali penye uzima.

Tatu, safisha mahali palipo wazi. Ondoa udongo uliolowa. Kama matofali ya juu yameharibika, mwashi ayatengeneze sasa, wala si baadaye. Tandika juu yake kipande cha bati lililonyoshwa, au karatasi ya lami, ili unyevu wa ukuta usipande katika mti mpya. Ubao usilazwe kamwe juu ya simenti mbichi.

Nne, kizingiti kipya kichongwe kwa vipimo vifaavyo. Upande wake wa juu uinamie nje. Kwa kila sentimeta 10 za upana kishuke sentimeta 1 au zaidi. Kitokeze nje ya ukuta sentimeta 4 au 5. Chini yake, sentimeta 1 na nusu toka ukingo wa nje, uchongwe ule mfuo tuliousema, wa upana wa milimeta 8 hivi. Matundu ya ndimi yachongwe wazi upande wa ndani. Ndipo kizingiti kitaweza kusukumwe mahali pake toka nje, bila kubomoa ukuta. Ikiwa ndimi zimekatwa, miimo ifungwe juu ya kizingiti kwa skrubu ndefu zilizopitishwa mshazari.

Tano, kabla ya kukiweka mahali pake, kizingiti kipakwe mafuta ya kitani au rangi ya kwanza pande zote sita. Nasema pande zote sita: juu, chini, mbele, nyuma, na vichwa viwili. Vichwa vipakwe mara mbili au tatu, mpaka vikatae kunywa. Upande wa chini na vichwa havitaonekana tena, na kwa sababu hiyo fundi mvivu huviacha. Lakini ndiko maji yatakakokuja kwanza. Mti ukiisha kuwekwa, malizia kwa rangi mbili za nje.

Watu wengine hupaka oili chafu ya motokaa. Ni kweli kwamba huwachukiza mchwa kwa muda. Lakini rangi haishiki juu yake, huchafua mikono na nguo, na ndani ya oili hiyo mna vitu vya sumu. Isitumiwe katika dirisha la chumba wanamolala watu.

MTI UPI?

Miti ya msituni iko mingi, lakini haifai yote. Mvule ni mti mwema sana kwa kazi ya nje. Kiini chake hushindana na kuvu na mchwa kwa miaka mingi. Libuyu nao hupendwa na maseremala wetu. Lakini angalieni: sifa hizo ni za kiini, yaani sehemu ya ndani yenye rangi. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome huoza upesi katika mti wowote, hata mvule. Wako wauzaji wachache wapakao rangi ubao mweupe ili ufanane na kiini. Kwangua kidogo kwa kisu, au mwombe muuzaji akate kichwa cha ubao mbele yako, ukweli utaonekana.

Kwenye milima ya Butembo na Lubero mikaratusi imejaa kila upande, na bei yake si kubwa. Je, yafaa? Kwa paa na kwa nguzo za ndani, ndiyo. Kwa kizingiti, yafaa ikiwa umechukua kiini cha mti uliokomaa, ukaukausha vizuri, na ukaupaka kama tulivyosema. Neno baya ni mkaratusi mbichi. Ukiisha kupigwa misumari hupinda, hupasuka vichwani, na kila ufa ni mlango wa maji. Mbao zipangwe kivulini, zikiinuliwa juu ya ardhi, na vijiti kati ya ubao na ubao hewa ipite. Je, utajuaje kwamba zimekauka? Pima kipande kimoja kwa mizani ya sokoni kila juma. Uzito usipopungua tena kwa majuma mawili au matatu, ubao uko tayari. Vijana wa shule wanaweza kuifanya kazi hiyo na kuandika hesabu katika daftari. Ni somo jema.

Yafaa pia tukumbuke mbao hizo zatoka wapi. Nyingi hutoka misitu ya pande za Beni, Mangina na Mambasa, na malori makubwa hupita Kasindi yakizichukua kwenda Uganda na Kenya. Tangu Oktoba 2014 pande za Beni zimeona mauaji mengi, na njia za msituni zimekuwa njia za hofu. Mtu akileta ubao wa mvule mjini, huenda amehatarisha uhai wake. Kwa hiyo ni aibu kuulaza ubao huo juu ya simenti mbichi, bila rangi, uoze katika miaka mitatu. Asiye na mvule asilie. Mkaratusi uliotunzwa hushinda mvule uliotupwa.

Wengine wauliza kama si afadhali kutia madirisha ya chuma. Chuma hakiliwi na mchwa, wala na kuvu. Lakini hushika kutu kisipopakwa rangi, na maji yaingiayo kandokando yake huharibu ukuta vile vile. Tena kung'oa kiunzi kizima katika ukuta wa udongo ni kazi kubwa kuliko kubadilisha mti mmoja. Kama miimo yako ni mizima, tengeneza kizingiti.

MWENYE NYUMBA, MPANGAJI NA FUNDI

Wako ndugu wengi waliokimbia vijiji vyao kwa ajili ya vita hivyo, wakaingia Beni, Oicha na Butembo. Jamaa nyingine zimepanga chumba kimoja katika nyumba ya zamani, watu saba au wanane pamoja. Dirisha lisilofungika kwao si jambo dogo. Baridi ya usiku wa Butembo huwashika watoto kifuani. Ukuta uliolowa huota kuvu, na hewa yake huzidisha pumu na kikohozi. Tena kizingiti kilichooza hakishiki komeo. Mwizi hulisukuma dirisha kwa bega, akaingia.

Basi ni nani alipe? Haki yaonekana wazi. Kioo kilichovunjwa na mtoto wa mpangaji, mpangaji atakilipa. Lakini mti uliooza kwa miaka ishirini, kabla mpangaji hajafika, ni mzigo wa mwenye nyumba. Asiseme: "Hawa ni wakimbizi, wataondoka kesho." Kodi yao aipokea leo. Naye mpangaji aseme mapema, mara aonapo rangi ikivimba, asingoje mpaka ukuta umeanguka. Kama mwenye nyumba hana fedha, waweza kupatana: mpangaji anunue ubao, na thamani yake itolewe katika kodi ya miezi ijayo. Mapatano hayo yaandikwe, kila mtu awe na karatasi yake.

Na fundi pia apewe haki yake. Andikeni pamoja, kabla ya kuanza, aina ya mti, unene wake, idadi ya madirisha, na siku ya kumaliza. Mpe sehemu ya malipo ya kununulia vifaa, sehemu nyingine kizingiti kikiisha kuwekwa, na salio baada ya mvua kubwa ya kwanza. Fundi mwaminifu hataliogopa sharti hilo la mwisho. Lakini siku ya mvua hiyo ikiisha kupita, mlipe siku ile ile. Watoto wake hula kila siku kama wako.

KAZI YA MARA MBILI KWA MWAKA

Kizingiti kipya chahitaji macho zaidi ya fedha. Mara mbili kila mwaka, mvua zinapopungua Januari na Julai, baba azunguke nyumba pamoja na watoto wake wakubwa, na msumari mkononi. Wachome pembe za kila dirisha, wasafishe mfuo wa chini, waondoe vumbi na majani, wapake rangi palipopasuka. Kwa nyumba ya vyumba vinne ni kazi ya asubuhi moja. Kopo dogo la rangi na brashi moja vitatosha kwa madirisha yote.

Kijana aliyefundishwa kazi hii atakapojenga nyumba yake mwenyewe, atamwambia fundi: "Kizingiti kiinamie nje, na usisahau mfuo." Fundi akisikia hivyo, atajua kwamba hawezi kumdanganya.

Yule aliye na kizingiti kibovu leo, asingoje fedha za kutengeneza madirisha yote. Aanze na moja, lile lipigwalo zaidi na mvua. Mwezi ujao atafanya la pili. Na kabla ya hayo, jioni hii hii, aondoe sufuria zilizo juu yake.